Vumbi la Makaa Lisitupwe

Jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walikaa huko na jamaa zao tangu mwanzo wa karne ya 20. Leo pale penye msitu pana nyumba za mabati, na kila jioni majiko huwashwa. Kawangware ni vivyo hivyo.

Wakulima, makaa hayo hayaoti Nairobi. Yatoka mashambani, pengine katika shamba lako. Tanuru ya udongo ya kienyeji ikipewa kuni kilo 100 hutoa makaa kilo 10 hadi 20 tu. Miti inakwisha upesi, na mashamba hubaki bila kinga ya upepo na mvua. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Lakini mama mwenye watoto lazima apike, na muuza makaa lazima ale.

Basi vikundi vya Kibera vimepata njia. Hukusanya vumbi la makaa ambalo wauzaji hulitupa. Hulichekecha, hulichanganya na udongo na maji, hufinyanga madonge, huyaanika juani mpaka yakauke, kisha huyauza. Utafiti wa Mary Njenga na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulipima gharama ya kupika githeri ya jamaa ya watu 5 jijini Nairobi. Kwa bei za wakati huo, madonge yaligharimu shilingi 3, makaa shilingi 26, mafuta ya taa shilingi 45.

Yana kasoro. Hayashiki moto upesi, na huacha majivu mengi. Kwa chai ya haraka hayafai. Kwa maharagwe hayana mfano. Tena, kama makaa yoyote, yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Nawe mkulima, fanya mambo matatu. Kwanza, vumbi la tanuru yako usiliache shimoni. Litie guniani, ni mali. Pili, miti ya mpakani ipunguze matawi upate kuni, shina liendelee kukua lije kuwa mbao. Tatu, panda miche kabla hujakata, wala si baadaye.

Ukifanya hivyo utauza leo, na mtoto wako naye atakuta mti wa kuuza.