Gari la umeme na baridi ya Nyanda za Juu Kusini: chaji inakwenda wapi?

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya kwetu haina mzaha. Usiku Mbeya, Mafinga, Makambako na Njombe hali ya hewa hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo na Makete asubuhi nyingine nyasi huamka nyeupe kwa barafu. Magari ya umeme nayo yameanza kuingia nchini, baadhi yakiwa yametumika Japani. Anayefikiria kununua gari la namna hiyo, au kulikodi kumpeleka mgonjwa hospitali ya mbali, ana haki ya kuuliza: je, baridi hii haitaniacha njiani?

Jibu fupi ni hili: baridi inakula chaji, lakini huku kwetu haili peke yake. Hita, mwendo na milima vinakula pamoja nayo, na ni juu ya dereva kuvihesabu vyote kabla ya safari.

Hesabu kwa yuniti za LUKU

Betri ya gari la umeme hupimwa kwa yuniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Gari dogo likienda kilomita 80 hadi 90 kwa saa kwenye tambarare hutumia takriban yuniti 16 kwa kilomita 100. Ukijua betri ina yuniti ngapi, unajua pa kuanzia.

Usitegemee sana namba ya kwenye karatasi ya muuzaji. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010 ikiwa na betri ya yuniti 24, ilipimwa Japani ikapewa kilomita 200. Gari hilohilo lilipopimwa Marekani lilipewa kilomita 117. Gari ni moja, ila vipimo vilikuwa tofauti. Na betri ikizeeka, uwezo wake hupungua mwaka hadi mwaka.

Baridi inafanya nini?

Betri ya gari ni ndugu ya betri ya simu yako. Nyingi ni za lithiamu. Ndani yake umeme hutoka kwa kemikali, na kemikali zikipoa hufanya kazi polepole. Ndiyo maana simu iliyolala kwenye baridi huweza kuzimika wakati bado inaonyesha chaji. Betri ya gari haizimiki hivyo kirahisi, lakini hutoa kidogo kuliko kawaida, na hupokea chaji taratibu zaidi.

Mlaji mkubwa zaidi, hata hivyo, ni hita. Injini ya dizeli au petroli inapochemka hutoa joto jingi, na joto hilo ndilo linalowapasha abiria bila gharama ya ziada. Mota ya umeme haichemki hivyo. Joto la abiria lazima litoke kwenye betri.

Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari 5 ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali wa kusafiri ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Baridi ya barabara yetu kuu haifiki huko, kwa hiyo hasara yetu ni ndogo kuliko hiyo. Lakini funzo ni lilelile: kinachomaliza chaji zaidi ni kujipasha joto.

Mwendo na mlima

Upepo unaoupiga uso wa gari hauongezeki sawa na mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, nguvu ya upepo huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo vibao vya 50 vijijini, vinavyowaudhi madereva wengi wakiogopa tochi, vinalinda watoto wanaovuka barabara na pia vinakutunzia chaji. Tuna nafuu nyingine: hewa ya Mbeya na Iringa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu tuko juu, hivyo gari hupata upinzani mdogo zaidi.

Mlima hauna nafuu. Gari la tani 2 pamoja na abiria hutumia zaidi ya nusu yuniti kwa kila mita 100 linazopanda kwenda juu. Kutoka Ruaha Mbuyuni, kupitia Kitonga hadi Iringa mjini, unapanda kama mita 1,000. Hizo ni yuniti 5 au 6 juu ya matumizi ya kawaida, ambazo tambarare zingekupeleka zaidi ya kilomita 30.

Ukiteremka, sehemu ya umeme huo hurudi. Mota hugeuka kuwa kama dainamo ya baiskeli: inapunguza mwendo huku ikichaji betri. Lakini betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme huo, na betri iliyopoa sana hupokea kidogo. Anayejaza hadi asilimia 100 Uyole kisha akaanza kushuka kuelekea Inyala na Chimala atakuta gari halijizuii kama alivyozoea, na kazi yote inabaki kwa breki za kawaida. Kwenye mteremko ule wenye malori mengi, jambo hilo ni la kulijua mapema. Acha nafasi kidogo kwenye betri, na shuka polepole.

Mfano: Iringa hadi Mafinga

Chukua gari kuukuu la yuniti 24 ambalo betri yake sasa inabeba 17 tu. Iringa hadi Mafinga ni kilomita zipatazo 80: yuniti 13. Mafinga iko juu zaidi ya Iringa kwa mita 300 hivi: ongeza yuniti 1 na nusu. Hita kwa saa moja: yuniti 2. Jumla ni 16 na nusu. Utafika ukiwa na nusu yuniti. Foleni moja tu, au lori lililoziba njia huku hita ikiendelea kuwaka, na utasimama kabla ya kufika. Ukizima hita na kwenda kilomita 70 kwa saa, unabaki na akiba ya kukutoa jasho kidogo. Makambako, iliyo karibu kilomita 160 kutoka Iringa, gari hilo halifiki bila kuchaji njiani.

Gari jipya la yuniti 60 ni habari nyingine. Makambako linafika na chaji inabaki. Na baridi haijazuia watu kwingineko: Norway, mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme.

Ya kufanya

Kabla ya kununua, pima uwezo wa betri uliobaki. Usiangalie rangi na viti tu. Chaji mara ufikapo, betri ikiwa bado ina joto, usingoje asubuhi. Pasha gari joto likiwa bado kwenye umeme wa nyumbani. Vaa jaketi, kama kiti kina joto lake, tumia hilo, kwani kinakula kidogo sana kuliko hita. Ila ukungu ukishika kioo, washa kipuliza kioo bila kuhesabu yuniti. Angalia upepo wa tairi, maana baridi huupunguza. Na panga safari ili ufike ukiwa na robo ya chaji.

Wa pikipiki na bajaji za umeme, ninyi hamna hita. Kwenu hasara ni ndogo, lakini mlima na mzigo ni vilevile: abiria wawili na gunia la viazi vina gharama yake kwenye yuniti.