Je, Wajua? Maji magumu ya kisima si adui wa nyanya

Maji ya kisima yanayokataa kutoa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe kwenye sufuria yana kalsiamu na magnesiamu, virutubisho vya mmea. Kwa mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, kalsiamu hiyo husaidia kuzuia tunda kuoza kitako, mradi amwagilie bila kurukaruka siku. Wapo wanaodai maji hayo huharibu shamba. Ni kweli bikaboneti iliyomo katika maji hayo hupandisha pH ya udongo na kuunyima mmea madini ya chuma, majani machanga yakawa njano huku mishipa ikibaki kijani. Lakini udongo wenye tindikali, kama ulivyo mwingi wa Rungwe, Mbeya, huyahimili maji hayo. Hatari kubwa zaidi ni kuyalainisha kwa mashine ya chumvi, kwani sodiamu huvuruga muundo wa udongo.