Kidiaba wa Kipushi: kipa akiacha goli, anakuwa nani?

Ukitaja jina la Robert Kidiaba, watu wengi wanakumbuka kintu kimoja: yule kipa wa nywele ndefu aliyeruka-ruka na matako chini kila mara Mazembe ikifunga. Picha zile zilizunguka dunia mwaka 2010. Lakini sisi wa Kipushi, mahali alizaliwa mwaka 1976, tuangalie pia sehemu ya pili ya kazi yake, ile isiyochekesha: namna mchezaji anageuka mwalimu wa wengine.

Alifika TP Mazembe mwaka 2002. Ubingwa wa vilabu vya Afrika aliuchukua mara tatu: 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe ilipiga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, na ikaingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Inter ya Milan ilitufunga 3-0, sawa. Ila mbele ya siku ile, hakuna timu iliyokuwa imefika pale bila kutoka Ulaya ao Amerika ya Kusini. Na Februari 2015 njo yeye alisimama golini kwa Léopards, tukashinda Guinea ya Ikweta kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu ya Afrika.

Alikuwa na miaka 39. Mwanasheria wa miaka 39 ndiyo kwanza anaanza kujulikana mjini. Mchezaji wa umri ule anaitwa mzee. Wengi wanaacha bale bila diploma, bila mradi, na simu inaacha kulia. Kidiaba alibaki Mazembe, akawa kocha wa makipa.

Juu ya nini makipa wako na kocha wao? Kwa sababu kazi yao ni ingine kabisa. Wenzao wakikimbia na kupasiana, wao wanafanya mazoezi pembeni: kudaka, kuanguka, kuinuka, kudaka tena, mara makumi kwa asubuhi moja. Kocha wao njo anapiga mipira ile, na anaangalia mguu ulisimama wapi mbele ya mkono kwenda.

Hapa kuna shida ambayo mwenye kusoma chuo anaielewa. Kujua kufanya na kujua kueleza ni vitu viwili. Kidiaba alidaka kwa namna yake, akitoka mbali golini na kuruka mahali wengine wangebaki wamesimama. Mambo yale huwezi kumwambia kijana ayaige, atavunjika. Unachoweza kumpa ni kile kilichofichwa nyuma ya maonyesho: wapi usimame mshambuliaji akikuja pembeni, wakati gani uite beki kwa sauti, namna ya kusahau goli ulilofungwa dakika ya 5. Mchezaji lazima avunje-vunje kile mwili wake unajua, akigeuze maneno. Kwa maoni yangu, pale njo majina makubwa mengi yanakwama.

Mwenzake wa Abu Dhabi, kiungo Pamphile Mihayo Kazembe, alienda mpaka kwenye kiti cha kocha mkuu. Mwanzo wa 2017 Mazembe ilitolewa na CAPS United ya Zimbabwe, kocha Mfaransa Thierry Froger akaondoka, timu ikaachiwa Mihayo. Novemba ya mwaka ule ule alishinda Kombe la Shirikisho la CAF: 2-1 mbele ya SuperSport United hapa Lubumbashi, kisha 0-0 Pretoria. Sisemi wageni hawafai. Lamine N'Diaye wa Senegal njo alitupeleka Abu Dhabi, na Patrice Carteron alileta kombe la 2015. Lakini tangu 2017, mtu akisema mtoto wa kwetu hawezi kuongoza Mazembe, alete sababu ingine.

Tena jina peke yake halitoshi. CAF iko na ngazi za leseni kwa makocha: D, C, B, A na Pro. Mtu anasoma, anafanya mazoezi, anapimwa. Kuna mlango hata kwa asiyekuwa nyota: José Mourinho alisomea michezo chuoni Lisbon, na kazi yake karibu na Bobby Robson ilianza kama mkalimani.

Kidiaba mwenyewe hakuishia pembeni ya tereni. Desemba 2018 aligombea, akachaguliwa mbunge wa jimbo la Haut-Katanga. Kule ilibidi aanze tena sawa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: bajeti, sheria, na watu wa kumuuliza barabara iko wapi.