Kurudisha seva nyuma bila kufuta majina ya watu



Parokia kadhaa zimetuuliza namna ya kurudisha seva kwenye hali yake ya zamani inapoharibika. Tunajibu kwa jambo lililotupata wenyewe, maana nusura tufute majina ya watu 23 kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Ofisi yetu ina seva moja ndogo. Ndani yake kuna makontena matatu: moja la daftari la washirika, moja la hesabu za sadaka, moja la barua pepe. Hapa Kolwezi neno hilo si geni. Kila siku tunaona malori yenye makontena yakielekea Likasi, Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa. Kila kontena lina mlango wake na mzigo wake. Ndivyo ilivyo ndani ya seva: programu moja ikiharibika, za jirani zinaendelea na kazi.

Kila Ijumaa jioni kijana wetu fundi huchukua snapushoti, yaani picha ya hali ya kontena kwa saa ile. Haichukui muda, kwa sababu hainakili kila kitu. Ni kama katibu anayeamua kwamba tangu leo hafuti ukurasa wa zamani: kila badiliko analiandika kwenye ukurasa mpya, na ule wa zamani anauacha mahali pake. Kurudi nyuma ni kuzitupa kurasa mpya na kusoma tena zile za zamani.

Jumapili ile tulibatiza watu 23. Jumatatu mama katibu akaingiza majina yao. Jumanne fundi akiwa katikati ya kuweka toleo jipya la programu, umeme ukakatika. Uliporudi, daftari halikufunguka.

Fundi akasema, "Baba Mchungaji, tunarudi kwenye picha ya Ijumaa. Ni dakika mbili tu."

Mama katibu akauliza, "Na wale wa Jumapili?"

Tukanyamaza sote. Kadi za ubatizo zilikwisha kugawiwa, na karatasi nyingine hatukuwa nayo. Wengi wa wale 23 ni vijana wachimbaji waliotoka Kasai na kwingineko. Kesho wanahama, na watahitaji barua ya kuwatambulisha kwa kanisa jingine. Tunasoma katika kitabu cha Ezra, sura ya 2, habari za watu waliotafuta majina yao katika orodha ya ukoo wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Jina lisiloandikwa linaweza kumfungia mtu mlango.

Basi tukafuata hatua hizi, nanyi mnaweza kuzifuata.

Kwanza, tulilizima kontena lote, lisiandike kitu kingine.

Pili, tulinakili kontena lile bovu jinsi lilivyo, tukaweka nakala kwenye diski ya nje. Kilichoharibika bado kina mali ndani.

Tatu, hatukubonyeza kitufe cha kurudisha. Tulitumia nakala kufungua faili ya majina peke yake. Programu ndiyo iliyovunjika. Majina yote 23 yalikuwamo.

Nne, ndipo tukarudisha kontena kwenye Ijumaa, tukaliwasha, tukaingiza upya kazi ya Jumatatu, na mama katibu akahakiki jina kwa jina.

Mfahamu pia kwamba aina fulani za hifadhi, kama ZFS, hukubali kurudi kwenye picha ya mwisho tu. Ukitaka ya zamani zaidi, lazima uzifute zilizokuja baada yake. Na picha ichukuliwe hifadhidata ikiwa imesimamishwa, isije ikanasa sentensi iliyoandikwa nusu.

Hata wakubwa hupatwa na haya. Mwisho wa Januari 2017, fundi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, alifuta kwa makosa hifadhidata yao kuu. Njia zao za kuweka akiba zilikuwa zimeshindwa bila wao kujua. Iliyowaokoa ni snapushoti iliyochukuliwa takriban saa sita kabla ya ajali. Huduma ilirudi, lakini yaliyoandikwa katika saa hizo yalipotea, pamoja na akaunti mpya kama 700.

Mwisho, snapushoti si akiba. Kwa kawaida inakaa kwenye diski ileile. Diski ikiungua, vyote vinakwenda pamoja. Ninyi wa Goma, mlioona moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na tena 2021, hamhitaji kufundishwa kwa nini nakala moja ilale mbali na nyumba ya kwanza. Sisi sasa tunapeleka diski kila wiki kwenye parokia nyingine, na ubatizo unaandikwa kwanza kwenye daftari la karatasi.

Kabla hamjarudi nyuma, ulizeni swali la mama katibu: baada ya picha hii, nani aliingia? Mkishawaweka hao salama, rudini bila hofu.

Bwana awabariki na azilinde kazi za mikono yenu.