Filamu za vijana na wanyonya damu za miaka ya 80: kwa nini bado zinapendwa?

Usiku mmoja kijana wa shule anachungulia dirishani na kuona watu wawili wakiingiza jeneza katika nyumba ya jirani. Baadaye anaona jambo baya zaidi. Jirani huyo, mwanamume mtanashati mwenye maneno matamu, ana meno marefu ya chonge, na wasichana wanaoingia kwake hawatoki wakiwa hai. Kijana anamwambia mama yake, mama hasadiki. Anawaambia rafiki zake, wanamwona amechanganyikiwa. Anamleta askari polisi mpaka kwenye nyumba ile, lakini askari akisikia habari za mnyonya damu anakasirika na kuondoka zake.

Hivyo ndivyo inavyoanza Fright Night, filamu ya Marekani iliyoandikwa na kuongozwa na Tom Holland na kutoka mwaka 1985. Tangu hapo imepita miaka 40. Filamu nyingi za kutisha za wakati ule zimesahaulika, lakini hii na wenzake wachache bado zinatazamwa, zinaigwa na kutengenezwa upya. Zinatisha na kuchekesha kwa pamoja, na wahusika wake wakuu ni vijana wa umri wa sekondari.

Msikilizaji anaweza kuuliza: hadithi ya maiti anayeamka usiku kunywa damu ya watu ina nini cha kuchekesha? Na kwa nini mtu wa leo aitafute? Katika makala hii tunaeleza. Tunakuonya mapema kwamba tutataja pia baadhi ya hadithi hizi zinavyoishia.

Mnyonya damu wa sinema ni nani?

Katika masimulizi ya Ulaya, mnyonya damu ni mtu aliyekufa lakini hakuzikika akatulia. Anaendelea kuishi kwa kunywa damu ya walio hai. Mwaka 1897 mwandishi Bram Stoker wa Ireland alichapisha riwaya yake Dracula, na sinema zikamchukua mnyonya damu huyo na kumsambaza duniani.

Kufikia miaka ya 1980, mtazamaji wa Marekani alizijua kanuni zake kwa moyo. Hapendi kitunguu saumu. Haonekani kwenye kioo. Jua linamuunguza. Anaogopa msalaba na maji ya baraka. Ukimchoma moyoni kwa mti uliochongwa, anakufa. Na hawezi kuingia nyumbani kwa mtu mpaka akaribishwe.

Kwa kuwa kila mtu alizijua kanuni hizo, watengenezaji wa filamu waliweza kuzichezea. Mwaka 1985 ilitoka pia Once Bitten, akiwemo Jim Carrey kabla hajawa maarufu. Mwaka 1986 ikaja Vamp, ambamo mwanamuziki Grace Jones ndiye mnyonya damu. Mwaka 1987 Joel Schumacher akaleta The Lost Boys, ambayo jina lake ni sawa na kusema Wavulana Waliopotea. Hapa tutakaa zaidi na hiyo pamoja na Fright Night, maana ndizo zilizodumu kuliko nyingine.

Kijana asiyesikilizwa

Turudi kwa yule kijana wa dirishani, Charley. Siku moja anamkuta jirani ameketi sebuleni kwao, akizungumza na mama yake. Mama ndiye aliyemkaribisha. Hakuwa na nia mbaya, alimpokea jirani mgeni kama adabu inavyotaka. Lakini kwa kanuni tulizozitaja, mnyonya damu akishakaribishwa mara moja anaweza kurudi wakati wowote. Charley analijua hilo, mama halijui, na jirani anatabasamu.

Kila aliyewahi kuwa kijana anaijua hali hiyo. Unaona jambo baya nyumbani, shuleni au mtaani, unamweleza mtu mzima, naye anakujibu kwamba umeota au umezidisha televisheni. Pengine anayekutisha ni mtu anayeheshimiwa, anayesalimia vizuri na kuleta zawadi. Filamu imechukua jambo hilo la kila siku na kulivalisha meno ya chonge.

Mtu mzima pekee anayekuja kusaidia ni Peter Vincent, mtangazaji wa kipindi cha filamu za kutisha ambaye kituo chake kimeshamwachisha kazi. Jina lake limeunganishwa kutoka kwa waigizaji wawili wakongwe wa filamu hizo, Peter Cushing na Vincent Price. Kwenye televisheni anajiita muuaji wa wanyonya damu, lakini ukweli ni mwigizaji tu, tena mwoga.

Mzee huyo anakuja kwa sababu amelipwa, na kazi aliyolipwa ni kufanya kipimo cha uongo ili Charley atulie. Anampa jirani maji ya kawaida akidai ni ya baraka. Jirani anakunywa, hakuna kinachotokea, wote wanaridhika. Wakati wa kuaga, mzee anatupa jicho kwenye kioo kidogo cha kasha lake la sigara, na jirani haonekani humo. Mikono inamtetemeka, kasha linaanguka, sisi tunacheka. Kisha tunakumbuka kwamba kijana alikuwa akisema kweli tangu mwanzo.

Baadaye mzee anapoinua msalaba, jirani anamcheka, kwa sababu aliyeushika mwenyewe haamini. Inabidi kwanza awe kweli yule mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimwigiza.

Kundi linaloita

Fright Night inaonyesha pia jinsi kijana anavyopotea. Charley ana rafiki, Ed, ambaye wenzake humdhihaki. Mnyonya damu anamfukuza mpaka kwenye uchochoro, halafu hamrukii. Anamsemesha kwa upole, anamwambia kwamba anajua ilivyo kuwa tofauti na wengine, na kwamba hakuna atakayemwonea tena. Kisha anamnyoshea mkono. Ed, huku analia, anaupokea.

The Lost Boys imejengwa juu ya mkono huo unaonyoshwa. Mama aliyeachana na mumewe anahamia na wanawe wawili, Michael na Sam, kwa baba yake mzee, katika mji wa pwani ya California. Mji wa kwenye hadithi unaitwa Santa Carla, lakini picha nyingi zilipigwa Santa Cruz, mji wa kweli wenye bembea kubwa na michezo ya kulipia kandokando ya ufukwe. Kuta zimejaa matangazo ya watu waliopotea.

Michael hana rafiki mjini hapo. Usiku anakutana na kundi la vijana wenye pikipiki, likiongozwa na David, ambaye anaigizwa na Kiefer Sutherland. Wanamshindanisha, wanamjaribu, mwisho wanampa chupa anywe. Anadhani ni mvinyo, kumbe ni damu. Kuanzia hapo amekuwa nusu mnyonya damu: akiua mtu, hatarudi tena.

Badilisha chupa hiyo iwe gongo, bangi au wizi wa kwanza, na hadithi haibadiliki sana. Kijana mgeni anataka kukubaliwa, na wanaomkubali haraka ndio wenye bei kubwa. Jina la filamu linatokana na hadithi ya Peter Pan ya J. M. Barrie, ambamo wavulana waliopotea hawakui. Katika filamu hii kutokukua maana yake ni kufa ukiwa bado unatembea.

Kicheko kinafanya kazi gani?

Hofu ikivutwa bila kupumzishwa humchosha mtazamaji, na utani ukizidi humfanya asijali. Filamu hizi zilipata kipimo. Sam anapoona kwenye kioo kwamba sura ya kaka yake imeanza kufifia, anaogopa kweli, lakini maneno yanayomtoka ni ya mdogo wa kawaida: anamtishia kwamba atamshtakia kwa mama. Tunacheka, na wakati huohuo tunaamini kwamba hawa ni ndugu wa kweli. Ndiyo maana hatari inapomkaribia Michael tunaumia.

Wasaidizi wa Sam ni wavulana wawili, Edgar na Alan, ambao elimu yao yote kuhusu wanyonya damu imetoka kwenye vitabu vya katuni. Wanajaza maji ya baraka kwenye bastola za kuchezea. Wanamshuku Max, mwenye duka la mikanda ya video ambaye anamchumbia mama. Anapokuja kula chakula cha usiku wanampima kwa kitunguu saumu, maji ya baraka na kioo, na Max anafaulu vipimo vyote. Watoto wanaaibika, mama anakasirika. Mwishoni inafahamika kwamba Max ndiye mkuu wa wanyonya damu wote. Vipimo vilishindwa kwa sababu Michael alimkaribisha ndani kwa kinywa chake.

Mtazamaji aliyecheka wakati wa chakula anagundua kwamba kicheko kile ndicho kilichomficha mwovu.

Filamu za zama zake

Filamu hizi zilizaliwa na wakati wake. Schumacher alipokabidhiwa The Lost Boys, wahusika walikuwa watoto wadogo, naye akawafanya vijana wakubwa. Katika Marekani ya miaka hiyo, familia zilizovunjika zilikuwa habari ya kila mtaa. Katika filamu zote mbili baba hayupo nyumbani.

Damu nayo ilikuwa na maana mpya. Ugonjwa wa UKIMWI ulitangazwa kwa mara ya kwanza nchini humo mwaka 1981. Filamu hizi hazikuutaja, lakini watazamaji wake walikuwa wakiishi na hofu hiyo kila siku, na wachambuzi wengi wamezisoma kwa jicho hilo.

Jambo la tatu ni deki. Watu walianza kukodi mikanda ya video na kutazama nyumbani, mara kumi wakitaka. Kijana aliyekosa filamu kwenye ukumbi wa sinema aliipata sebuleni kwa rafiki, na baadaye akawaonyesha wanawe. Mwaka 2011 Fright Night ilitengenezwa upya, Colin Farrell akiwa jirani. Huko Santa Cruz, The Lost Boys imekuwa ikionyeshwa bure ufukweni, palepale ilipopigwa.

Hapa kwetu si mchezo

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu nyingine ya kuzitazama kwa makini. Sisi tuna mumiani. Tangu zama za ukoloni ulienea uvumi kwamba kuna watu wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu. Kenya na Uganda walioshukiwa waliitwa wazimamoto, kwa kuwa ilisemekana damu hupelekwa kwenye vituo vya zimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima kuhusu uvumi huo, kilichotoka mwaka 2000.

Uvumi huo haujaisha, na umeua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo kutoka Arusha na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Mwaka 2017 watu kadhaa waliuawa kusini mwa Malawi kwa tuhuma kama hizo, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili, Mulanje na Phalombe.

Tofauti na filamu ni hii. Kwenye sinema kamera imeshatuonyesha chonge za jirani. Tunajua Charley hasemi uongo, ndiyo maana tuna haki ya kumchekea askari asiyesadiki. Kijijini hakuna kamera hiyo. Kuna gari geni, watu wasiojulikana, na ujumbe unaoruka kutoka simu hadi simu. Kwenye filamu shida ni kwamba hakuna anayeamini hata ushahidi ukiwepo. Kwenye uvumi, wote wanaamini bila ushahidi, na anayelipa ni mtu aliyekuja kuchukua udongo apimie rutuba ya shamba.

Ukitaka kuzitazama

Filamu zote mbili zina damu, matusi na picha zisizofaa watoto. Marekani ziliwekwa katika daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 anatakiwa kuingia na mzazi au mlezi. Kama ziko kwenye simu yako au zinaonyeshwa kibanda umiza cha jirani, kumbuka hilo kabla ya kuwaruhusu wadogo.

Mzazi mwenye kijana wa sekondari anaweza kuketi naye na kuitazama Fright Night mpaka mwisho. Ikiisha, muulize swali moja: wewe ukiona jambo baya na mimi nisikusadiki, utamwambia nani? Jibu lake linaweza kukueleza mengi kuhusu nyumba yako.