Je, Wajua? Mvua Inyeshe Kwingine, Mto Ujae Kwako

Je, wajua kwamba kwa maelfu ya miaka Wamisri waliishi kwa mafuriko ya mvua ambayo hawakuwahi kuiona? Kila ifikapo katikati ya mwaka, jua likiwaka na anga la Kairo halina wingu, Nili ilianza kupanda. Maji yalikuwa yametoka nyanda za juu za Ethiopia, na takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Misri asili yake ni huko. Kutazama mbingu hakukumsaidia mkulima hata kidogo. Ilibidi apime.

Mwaka 861, enzi za Khalifa al-Mutawakkil, kilijengwa kipimo cha Nili kwenye kisiwa cha Rawda, Kairo, na hadi leo kipo. Ni kisima kirefu cha mawe kilichounganishwa na mto kwa mifereji ya chini kwa chini, na katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, iliyochongwa alama za dhiraa. Maji yakifika dhiraa 16, neema: mashamba yalikunywa, na serikali ilipanga kodi kwa kadiri hiyo. Yakishindwa kufika, watu walianza kuhofia njaa. Mwandishi wa Kirumi Pliny, karibu miaka 800 kabla ya nguzo hiyo, alikwisha kuandika kwamba dhiraa 12 ni njaa na dhiraa 16 ni furaha. Hesabu ya kodi ya taifa zima ilitokana na alama moja iliyolowa maji.

Nili hiyohiyo hupimwa pia inakotoka Ziwa Victoria, kule Jinja, Uganda. Usawa wa ziwa hili umeandikwa tangu 1896. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mita 13.41 iliyodumu tangu Mei 1964. Namba hiyo huwachanganya wengi. Haisemi kwamba ziwa lina kina cha mita 13, maana penye kina kirefu kabisa linakaribia mita 80. Inahesabiwa kutoka alama ya sifuri ambayo wapimaji waliichagua wenyewe, mita 1,122.86 juu ya usawa wa bahari. Kila kituo kina sifuri yake. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mto "uko mita mbili", uliza ni kwenye kipimo kipi, na jana ilikuwa ngapi. Mita mbili zinazoshuka tangu juzi si sawa na mita mbili zilizokuwa mita moja leo asubuhi.

Je, wajua pia kwamba mvua za mwisho wa 1961 ziliacha alama pande zote mbili za Afrika ya Kati? Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Mwishoni mwa 1961 huohuo Mto Kongo ulifika mita 6.26 kwenye kipimo cha Kinshasa. Januari 2024, nyumba nyingi za Kinshasa zilipoingiliwa na maji, kipimo kilisoma mita 6.20. Bila daftari za zamani, hakuna ambaye angejua jinsi maji ya 2024 yalivyoisogelea rekodi hiyo. Ndiyo maana ninamheshimu sana msomaji wa kipimo. Mara nyingi ni mkazi wa jirani tu, anayeteremka ukingoni asubuhi na jioni kusoma ubao wenye alama za sentimita na kuandika namba moja. Akikosa siku ya mafuriko, pengo hilo halizibiki.

Lakini kina si mtiririko. Mtiririko ni wingi wa maji yanayopita kila sekunde, na unaweza kuukadiria mwenyewe kwa chungwa. Tafuta mahali mto ulionyooka, wakati maji ni machache na tulivu, upime mita 20 ukingoni. Mwenzako alitupe chungwa katikati ya mkondo, juu kidogo ya alama ya kwanza, nawe uhesabu sekunde. Chungwa linafaa kwa sababu sehemu yake kubwa huzama, upepo haulisukumi, na rangi yake huonekana toka mbali. Likitumia sekunde 20, uso wa maji unakwenda mita moja kwa sekunde. Maji ya chini hucheleweshwa na mawe na mchanga, kwa hiyo zidisha kwa 0.85. Kama mto una upana wa mita 10 na kina cha wastani cha nusu mita, jibu ni mita za ujazo 4.25 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Kijito hicho ambacho watoto hukivuka kwenda shule kinasukuma tani nne na robo kila sekunde. Mto Kongo, kwa wastani, unasukuma tani 40,000 hivi.

Wataalamu hurudia kazi hii kwa vifaa bora zaidi, mara nyingi, mto ukiwa chini na ukiwa juu, kisha huchora mchoro unaounganisha kina na mtiririko. Baada ya hapo kina pekee chatosha kukadiria mengine. Lakini mafuriko makubwa huchimba sakafu ya mto au kuijaza mchanga, na mchoro lazima uanze upya.

Sasa tuje kwenye roho za watu.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, katika kaunti ya Kitui, Kenya. Maji yalikuwa yakipita juu ya barabara. Basi lilisombwa, na zaidi ya watu 30 walikufa.

Tuitazame nguvu iliyofanya kazi pale. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, chini ya goti la mtu mzima, yanatosha kumwangusha. Sentimita 30 huweza kuliondoa gari dogo, na 60 huyabeba magari mengi. Hesabu yake haina uchawi. Chukua gari la kilo 1,000 lenye tumbo la mita za mraba 6. Kila sentimita 10 za maji juu ya tumbo hilo hulinyanyua kwa nguvu ya kilo 600. Zikifika sentimita 17 magurudumu yanaanza kuachana na barabara, kabla maji hayajapata nafasi ya kuingia ndani. Uzito wa gari, ambao dereva anautegemea, umekwisha kuondolewa, na mkondo unamsukuma kutoka ubavuni. Tena hajui kama barabara iliyo chini ya yale maji ya tope bado ipo. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu kila msimu wa masika kuna dereva anayeambiwa na abiria wake, "Pita tu, mbona wenzetu wamepita?" Wenzao walipita mto wa saa moja iliyopita.

Kwenye makorongo yanayokauka hatari ni kubwa zaidi. Mvua inyeshe milimani mchana, na jioni ukuta wa maji, magogo na mawe ufike mahali ambapo mchanga ni mkavu na watu wanachimba visima vyao. Wakazi wa Dar es Salaam wa bonde la Msimbazi wanalijua hili: mvua ya vilima vya Pugu huishia eneo la Jangwani.

Mto Tana wa Kenya, kinyume chake, ni mrefu kiasi kwamba hutoa muda wa kujiandaa. Una mabwawa matano mfululizo, la kwanza kutoka juu likiwa Masinga, lililokamilika 1981. Masinga hujaa kwenye mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likizidi hapo, maji yanamwagika kuelekea mabwawa ya chini, na hatimaye Garissa na vijiji vya Wapokomo hadi karibu na bahari. Maji hayo husafiri kwa siku, si kwa saa. Tangazo la redio kwamba Masinga imeanza kumwagika ni habari ya Garissa ya siku chache zijazo. Ni muda wa kutosha kuhamisha mbuzi, magunia na wazee, iwapo tangazo linaaminiwa.

Na ukianguka mtoni? Waongozaji wa boti za mpira kwenye maporomoko ya Nili, Jinja, humfundisha mgeni jambo hili kabla hajagusa kasia: lala chali, miguu mbele kuelekea mto unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, kisha piga mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi hata kama maji ni ya kiunoni. Uepuke mti ulioangukia mtoni, kwa sababu maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Vivyo hivyo kizuizi kifupi cha zege, hata cha mita moja: chini yake maji hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Mwenye jaketi okozi lililofungwa vizuri ana nafasi; lililowekwa chini ya kiti cha mtumbwi halimsaidii yeyote. Na aliye ukingoni arushe kamba, dumu tupu au mti mrefu, asijitose.

Ukipiga kambi au ukivua ukingoni, chomeka kijiti pale maji yanapoishia na ukiangalie kila robo saa. Kikianza kusimama ndani ya maji, au maji yakibadilika rangi na kubeba majani na vijiti vipya, ondoka upande juu mara hiyo, hata kama ulipo hakuna tone la mvua.