Mlikula hoteli gani?

Jumamosi, mkitoka darasani na njaa imewabana, huenda mkapita Weston Road, pale karibu na Eglinton, mkala kabla ya kurudi nyumbani. Jioni unampigia bibi simu. Anauliza mlikula wapi, unatafuta neno, hulipati, simu inarudi kwa mama. Tusaidiane.

Bibi wa Mombasa atasema, "Mlikula hoteli gani?" Usimjibu kwamba hamkulala huko! Kenya na Tanzania, hoteli ni pia mahali pa kula tu, hata penye meza mbili na benchi. Unaweza pia kusema mkahawa, neno linalotokana na kahawa. Tanzania wengi husema mgahawa. Na mama anayeuza chakula kando ya njia Dar es Salaam huitwa mama ntilie, yaani "mama, nitilie" chakula kwenye sahani. Siku hizi wengine humwita mama lishe, lakini mimi napenda jina la zamani.

Sasa mweleze mlichokula. Wali na maharage wa Wajamaika hupikwa kwa tui la nazi. Bibi ataujua mara moja. Kwa Wasomali, wali huja na ndizi mbivu, na sambusa wao huiita sambuus.

Mkimpata mhudumu anayejua Kiswahili, usiseme "Nataka chai." Sema "Naomba chai," na akiwa mtu mzima, anza na shikamoo. Bili ikija, mwachie baba.